Itikadi kali na usalama wa wanafunzi katika vyuo vikuu vya Kenya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wazazi wanaompeleka mtoto chuoni kwa mara ya kwanza. Makomredi, yaani wanafunzi wenyewe, nao huyauliza kila tahadhari ya ugaidi inapotangazwa. Majibu yanahusu Kenya, sheria zake na mambo yaliyotokea humu nchini. Mengine ni mafupi kwa sababu hayana mengi ya kusemwa.

Mbona kila mazungumzo ya usalama vyuoni huanzia Garissa?

Kwa sababu ndiko tulikolipa gharama kubwa kuliko kote. Alhamisi tarehe 2 Aprili 2015, mwendo wa saa 11 na nusu alfajiri, watu wanne wa al-Shabaab wenye bunduki waliwapiga risasi walinzi wa lango la chuo cha Garissa wakaingia ndani. Wakati huo kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, chenye wanafunzi wapatao 800. Waliwavamia kwanza wanafunzi Wakristo waliokuwa kwenye maombi ya asubuhi, kisha wakaelekea mabwenini na kuanza kuwatenganisha watu kwa dini zao. Wengine walilazimishwa kuwapigia simu wazazi wao. Kufikia jioni watu 148 walikuwa wameuawa, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi. Zaidi ya 500 walitoroka au wakaokolewa.

Ni kweli kwamba onyo lilikuwepo?

Lilikuwepo, tena si moja. Tarehe 25 Machi 2015, wiki moja kabla, Chuo Kikuu cha Nairobi kiliwatangazia wanafunzi wake kwamba kuna taarifa za kijasusi kuwa al-Shabaab wanapanga kulipiza kisasi, na kwamba chuo kikuu kikubwa ni miongoni mwa shabaha. Kule Garissa, baadhi ya walionusurika walisimulia kwamba habari za watu wasiojulikana kuonekana mjini zilikuwa zimeenea, hata tangazo likabandikwa. Lakini ilikuwa tarehe 1 Aprili, Siku ya Wajinga, na kuna waliodhani ni mzaha.

Hapa inafaa tukae kidogo, maana ndipo mambo mengi yanapojibiwa. Habari ilikuwa inazunguka. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka wa kuishika na kuipa uzito: asimame mbele ya wanafunzi awaambie chuo kinajua nini, kimeamua nini, masomo yanaendelea au yanasitishwa, na anayetaka kwenda nyumbani aende bila kuadhibiwa. Tangazo la ubaoni lisilofuatwa na hatua yoyote husomwa kama uvumi tu.

Viongozi wa vyuo hujitetea kwamba hawataki kuzua taharuki. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, ila tujiulize inamlinda nani. Mwanafunzi aliyeambiwa ukweli anaweza kulala kwa ndugu yake wiki hiyo. Aliyefichwa hana la kuamua.

Je, kuta, kamera na walinzi havisaidii?

Vinasaidia, kwa kiasi. Ukuta humchelewesha mshambuliaji, na mlinzi mwenye redio ya mawasiliano anaweza kuwashtua wengine kabla hajazidiwa. Ila baada ya 2015 vyuo vingi vilikimbilia kununua vile vinavyoonekana langoni: vizuizi, vifaa vya kugundua chuma, kamera za CCTV. Mzazi akija anaviona, anaridhika. Haulizi kama kuna anayezitazama hizo kamera saa 9 usiku, wala kama yule mlinzi wa kampuni ya kukodishwa amewahi kuonyeshwa amwite nani.

Tazama lango la chuo chochote mjini saa 2 asubuhi. Foleni imefika barabarani, mlinzi anapitisha kifaa chake juu ya begi bila kulifungua, kinalia, naye anampungia mkono mwenye begi apite kwa sababu vifaa vya kila mtu vinalia. Kazi yote ile haiwezi kumzuia mtu aliyedhamiria. Isitoshe, foleni yenyewe ni mkusanyiko wa watu nje ya ukuta.

Halafu angalia mlango wa dharura wa bweni. Mara nyingi umefungwa kwa kufuli ili wezi wasipitie humo, na ufunguo anao msimamizi ambaye hukaa nje ya chuo. Madirisha ya chini yana vyuma. Bweni la namna hiyo linawazuia wezi vizuri sana, na siku ya hatari linawazuia wanafunzi vilevile.

Jambo la mwisho hapa ni muda. Siku ile ya Garissa, kikosi maalumu cha Recce kilitoka Nairobi, umbali wa kilomita zipatazo 370, na kilifika mchana. Kilipoingia kazini jioni, mapambano yaliisha haraka. Serikali ililaumiwa sana kwa kuchelewa huko, na ilistahili. Kwa chuo kilichoko mbali na mji mkuu, maana yake ni kwamba saa za mwanzo ni za wenyewe waliopo pale: walinzi wao, polisi wa kituo cha karibu, na milango yao.

Naibu Chansela anawajibika kwa lipi, na serikali kwa lipi?

Ujasusi, kupambana na wenye silaha, na kushtaki ni kazi ya serikali: Idara ya Taifa ya Ujasusi, polisi, na ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Kuna pia Kituo cha Kitaifa cha Kukabiliana na Ugaidi, kilichopewa nguvu za kisheria kupitia marekebisho ya sheria za usalama ya 2014. Septemba 2016 serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa kukabiliana na itikadi kali zenye vurugu, ambao unataja elimu miongoni mwa maeneo ya kushughulikiwa.

Naibu Chansela, ambaye ndiye mkuu mtendaji wa chuo, hapaswi kuwa mpelelezi. Wajibu wake ni kujua wanafunzi wake wanalala wapi, kuhakikisha majengo yanatokeka, kuwa na njia ya kuwafikia wote kwa dakika chache, kuwa na ofisi ya ushauri nasaha inayofanya kazi, na kufikisha tahadhari aliyopewa badala ya kuikalia. Pale ambapo serikali na chuo hurushiana mpira, swali la haki ni hili: nani alikuwa na habari kwanza, na alimwambia nani?

Itikadi kali ni nini hasa? Mtu akishika dini sana ni wa kuogopwa?

Hapana. Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa dhamiri na dini katika Kifungu cha 32, na uhuru wa kujieleza katika Kifungu cha 33. Hicho cha 33 hakilindi uchochezi wa vurugu wala matamshi ya chuki. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012, baada ya kurekebishwa 2014, inalenga anayeshika au kueneza imani kali kwa nia ya kuwezesha vurugu, na adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 30. Kinachotafutwa na sheria ni vurugu. Kufuga ndevu, kufunga Jumatatu na Alhamisi, kuacha muziki, kukesha kwenye maombi, au kuikosoa serikali kwa maneno makali si kosa.

Ni vizuri kukumbuka pia kwamba jambo hili si la dini moja. Mwaka 2023 kule Shakahola, Kaunti ya Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, ya wafuasi wa mhubiri wa Kikristo anayedaiwa kuwaambia wafunge hadi kufa. Vyuoni kuna na sumu nyingine ambayo hatupendi kuiita kwa jina lake, nayo ni ukabila unaofika kiwango cha mawe na rungu wakati wa uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi. Chuo kinachowatazama Waislamu pekee kinakosea watu, na kinakosa kuona yaliyo mbele yake.

Si wanaosajiliwa ni vijana maskini wasio na kazi?

Baadhi ni hao. Lakini mmoja wa wale wanne walioshambulia Garissa alikuwa na shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na baba yake alikuwa chifu katika Kaunti ya Mandera, mtumishi wa serikali. Mzee huyo alikuwa amekwishapiga ripoti kwamba mwanawe hajulikani aliko. Umaskini peke yake haumwelezi kijana huyo.

Wasajili huanza na pengo lililopo, si na mahubiri. Kwa huyu ni karo, kwa yule ni kazi ya nje ya nchi yenye mshahara usioaminika, kwa mwingine ni uchumba mtandaoni, au hasira ya kweli kwa sababu ya ndugu aliyepigwa na polisi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyetoka mbali, asiye na rafiki, akipata kikundi kinachomwita ndugu na kumlipia chakula, hataona ubaya. Mazungumzo huanzia kwenye kundi kubwa la WhatsApp au Telegramu, halafu anavutwa pembeni kwenye kundi dogo, halafu anaambiwa asimwambie mtu. Hilo la siri ndilo la kushtua kuliko yote yaliyotangulia.

Ni dalili gani za kuangalia?

Tahadhari na orodha za dalili. Mtu aliyejitenga, aliyebadili marafiki na kushuka masomoni huenda ana msongo wa mawazo, au amefiwa, au ameachwa na mpenzi. Mara nyingi ndivyo ilivyo.

Kinachopaswa kukufanya uchukue hatua ni mambo yanayoelekea kwenye kitendo: kusifia mauaji na kuyahalalisha, kuzungumza kuhusu kundi fulani la watu kana kwamba hawastahili kuishi, kugawa mali zake na kuaga kwa namna isiyoeleweka, kupanga safari ya kuelekea mpakani au nje ya nchi ambayo familia haijui, kuulizia taratibu za walinzi au ramani za majengo bila sababu. Moja tu kati ya hayo linatosha kuongea na mtu. Na hata kama ni msongo wa mawazo tu, kuongea kutakuwa kumemsaidia.

Nina wasiwasi na mwenzangu wa chumba. Nimwambie nani?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote hapa, kwa sababu anayeuliza huwa anaogopa pande mbili. Akinyamaza, huenda watu wakafa. Akisema, huenda rafiki yake akachukuliwa usiku asionekane tena, na hofu hiyo si ya kubuni: mashirika ya haki za binadamu yamekuwa yakiorodhesha visa vya washukiwa wa ugaidi waliotoweka, hasa Pwani na Kaskazini Mashariki.

Kama hatari ni ya sasa hivi, yaani umeona silaha au mtu ametaja siku na mahali, piga 999 au 112 bila kungoja. Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, nayo ina nambari isiyotozwa malipo, 0800 722 203, na huhitaji kutaja jina lako.

Kama ni wasiwasi tu, anza kwa kumwuliza mwenyewe, kama ndugu, bila kumhoji. "Siku hizi sikuoni, uko sawa?" Usibishane naye kuhusu dini, utashindwa, na atakufungia mlango. Kisha mwendee mtu mmoja mnayemwamini wote wawili: mshauri nasaha wa chuo, mhadhiri, imamu wa msikiti wa chuo, kasisi, au dada yake mkubwa. Familia husahaulika katika miongozo mingi, ilhali mama ndiye anayejua lini mwanawe alianza kutopokea simu.

Upande wa chuo, kuna jambo moja linalotegemewa na mengine yote: mwanafunzi lazima ajue mapema nini kitafuata akisema. Ofisi ya Mkuu wa Wanafunzi iandike wazi ni mambo gani yatabaki kwa mshauri nasaha, na ni yapi lazima yafike kwa polisi. Pasipo mpaka huo, hakuna atakayebisha hodi, na wasajili wanalijua hilo vizuri.

Mimi ni Msomali Mkenya, na navaa hijabu. Nikifika langoni napekuliwa mara mbili, wenzangu wanapita. Nifanye nini?

Kwanza, una haki ya kukasirika. Kupekuliwa kwa sababu ya sura au vazi ni ubaguzi, na Kifungu cha 27 cha Katiba kinaukataza. Andika siku, saa na lango, wasilisha malalamiko kwa maandishi kwa Mkuu wa Wanafunzi, na umnakili kiongozi wenu wa wanafunzi. Malalamiko ya mdomo huyeyuka. Chuo kikipuuza, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu hupokea kesi za namna hii.

Pili, viongozi wa vyuo wanapaswa kuelewa kwamba ubaguzi langoni hupunguza usalama. Aprili 2014, katika msako ulioitwa Usalama Watch, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa Eastleigh na kwingineko, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Garissa ilitokea mwaka uliofuata. Msako ule haukuizuia, na uliacha kinyongo kwa jamii ambayo ndiyo ingekuwa ya kwanza kusikia habari.

Linganisha na tarehe 21 Desemba 2015. Basi lililokuwa likielekea Mandera lilivamiwa karibu na El Wak, na magaidi wakaamuru abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo vitambaa vya kujifunika wasitambulike. Mwalimu mmoja Mwislamu, Salah Farah, alipigwa risasi na akafariki Januari 2016 kwa majeraha hayo. Kilichowaokoa abiria wengine siku ile ni watu ambao langoni kwenu wangepekuliwa mara mbili.

Chuo kinaruhusiwa kusoma jumbe zangu au kupeleka orodha ya Jumuiya ya Wanafunzi Waislamu kwa polisi?

Si kwa kupenda kwake tu. Faragha inalindwa na Kifungu cha 31 cha Katiba na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Polisi wakihitaji taarifa za mtu katika uchunguzi, kuna utaratibu wa kisheria wa kuziomba. Orodha ya jumuiya nzima, kwa sababu tu ni ya dini fulani, ni ombi ambalo mwanasheria wa chuo anapaswa kulikataa.

Kwa nini chuo kisifanye mazoezi ya dharura ya kushtukiza, ili watu wazoee?

Kwa sababu tulishafanya hivyo na mtu akafa. Tarehe 30 Novemba 2015, miezi minane baada ya Garissa, Chuo Kikuu cha Strathmore jijini Nairobi kilifanya zoezi la kuigiza shambulio. Milio ya risasi ikasikika, na wengi wa waliokuwemo hawakuwa wameambiwa kwamba ni igizo. Watu waliruka kutoka juu ya majengo. Mfanyakazi mmoja wa chuo alifariki na makumi wakaumia. Chuo kiliomba radhi.

Kabla ya hapo, tarehe 12 Aprili 2015, siku kumi tu baada ya Garissa, hitilafu ya umeme ilisababisha mlipuko alfajiri katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walidhani wamevamiwa, wakaruka madirishani. Mmoja alifariki, na zaidi ya mia moja walijeruhiwa. Hapakuwa na gaidi hata mmoja.

Wafanye mazoezi, tena kila muhula, lakini kwa kutangaza. Watu wapite kwa miguu njia za kutokea, wajue uwanja wa kukutania, walemavu wajulikane nani atawasaidia, na king'ora cha moto kitofautishwe na cha uvamizi. Kwenye moto unatoka. Kwenye uvamizi huenda ukatakiwa ujifungie. Wanafunzi wengi hawajawahi kuambiwa tofauti hiyo. Milio ya risasi haina kazi yoyote katika zoezi la raia.

Shambulio likitokea, nifanye nini?

Kimbia kama kuna njia salama, na uache mizigo. Usirudi kumtafuta mtu. Usikimbilie lango kuu kwa mazoea kama ndiko milio inakotokea.

Kama huwezi kutoka, jifungie. Zima taa, sogeza kitanda au meza mlangoni, kaa mbali na mlango na chini ya usawa wa dirisha. Zima sauti ya simu pamoja na mtetemo, kwa maana simu ikitetemeka juu ya sakafu ya saruji inasikika. Tuma ujumbe mfupi, usipige. Wewe mzazi unayesoma hapa, jizuie kumpigia mtoto wakati huo. Mlio wa simu yako unaweza kuwaonyesha wauaji alipo.

Usitoke kwa sababu tu sauti imekwambia ni salama. Kule Garissa, msichana wa miaka 19 alijificha ndani ya kabati la nguo kwa zaidi ya siku mbili, akijifunika nguo na kunywa mafuta ya kujipaka kwa kiu. Waokoaji walipomfikia tarehe 4 Aprili alikataa kutoka, akitaka kujua atawaaminije kwamba ni polisi kweli, mpaka alipoletwa mtu wa chuo anayemfahamu. Alifanya sawasawa. Na chuo kijifunze: katika kila mpango wa uokoaji lazima awepo mtu ambaye wanafunzi wanaijua sauti yake.

Polisi wakifika, inua mikono, usishike kitu, fuata wanachosema hata kama wanakufokea. Hawajui wewe ni nani.

Kituo cha polisi kikijengwa ndani ya chuo, si tutakuwa salama zaidi?

Garissa ilifunguliwa tena Januari 2016 ikiwa na kituo cha polisi ndani ya ua wake, na kwa mahali pale ilikuwa lazima. Kwingineko jibu si rahisi hivyo. Septemba 2017 polisi waliingia Chuo Kikuu cha Nairobi wakati wa maandamano, wakawapiga wanafunzi mabwenini na madarasani, na picha zikaonekana nchi nzima. Februari 2018 kiongozi wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Meru alipigwa risasi na polisi akafariki. Ukimwambia komredi aliyeshuhudia hayo kwamba polisi ni rafiki yake, atakucheka.

Kwa hiyo kama polisi wanaingia, kuwe na makubaliano ya maandishi baina yao na chuo: wanashughulikia nini, na nani anawaita. Maandamano ya amani, ambayo Kifungu cha 37 kinayaruhusu, si ugaidi. Afisa wa mawasiliano awe mmoja, anayejulikana kwa jina na uso. Kiongozi wa chuo anayeita kikosi cha kutuliza ghasia kwa sababu ya mgomo wa chakula hatapata habari kutoka kwa wanafunzi siku ya jambo zito.

Nimetumiwa tahadhari ya WhatsApp kwamba chuo chetu ndicho kinachofuata. Niisambaze?

Usiisambaze. Itume kwa ofisi ya usalama ya chuo na uulize jibu. Chuo nacho kijibu ndani ya saa moja, hata kama jibu ni "tunachunguza, tutawaambia saa 12 jioni". Kisha saa 12 kiseme kweli.

Kundi likimwalika mzungumzaji mwenye maneno makali, chuo kimkatalie?

Inategemea anasema nini. Akichochea vurugu dhidi ya watu, akataliwe, na sababu itolewe kwa maandishi. Akiwa anaudhi tu, aje, awepo wa kumjibu, na mlango uwe wazi kwa wote. Kumfukuza kila anayeudhi kunahamishia mazungumzo kwenye chumba cha kupanga nje ya chuo, ambako hakuna mhadhiri wa kuuliza swali.

Mwanangu alitoka salama kwenye tukio, lakini halali. Chuo kinadaiwa nini?

Ushauri nasaha wa muda mrefu, si kikao kimoja cha pamoja ukumbini. Kinadaiwa pia nafasi ya mwanao kuahirisha mitihani bila faini, na kuhamishwa bweni akiomba. Wanafunzi wa Garissa walihamishiwa kampasi kuu ya Moi kule Eldoret, na walikokwenda walikuta madarasa ya watu wasiojua walichokiona. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina nambari 1199 isiyolipishwa ya kuongea na mshauri. Usimwambie asahau. Mshtuko unaweza kuja miezi kadhaa baadaye, kwa kishindo cha mlango tu.

Walinzi, wapishi na wafanyakazi wa usafi nao huhitaji msaada huo huo, ingawa kwa kawaida hakuna anayewakumbuka.

Kuna aliyeadhibiwa kwa Garissa?

Washambuliaji wote wanne walikufa siku hiyo hiyo. Aliyetajwa na serikali kuwa mpangaji mkuu aliuawa nchini Somalia 2016. Mwaka 2019 mahakama ya Nairobi iliwatia hatiani watu watatu kwa kushiriki njama: mmoja alifungwa maisha, na wawili miaka 41 kila mmoja. Mshtakiwa mwingine aliachiliwa.

Mimi ni kiongozi wa wanafunzi. Naweza kuudai uongozi wa chuo nini, na wakininyima majibu?

Usiombe "usalama uimarishwe". Ombi la namna hiyo hujibiwa kwa kamera mpya. Uliza mambo yanayojibika kwa ndiyo, hapana au tarehe. Zoezi la mwisho la dharura lilifanyika lini? Funguo za milango ya dharura ya kila bweni ziko kwa nani usiku? Orodha ya wanaolala humo ilisahihishwa lini, na je, inawahesabu wale wanaolala kwa wenzao kwa kukosa nafasi? Chuo kina washauri nasaha wangapi kwa wanafunzi wangapi? Tahadhari ikitoka serikalini, nani anaamua itangazwe, na kwa muda gani? Malalamiko mangapi ya ubaguzi langoni yalipokewa mwaka jana, na yaliishia wapi?

Andika barua, weka tarehe, baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Michoro ya majengo na ratiba za walinzi wana sababu ya kuzificha, na usizidai. Mengine yote ni haki yako chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo inaipa taasisi siku 21 za kujibu. Siku zikipita kimya, peleka nakala ya barua hiyo kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ofisi inayojulikana zaidi kwa jina la Ombudsman. Kulalamika huko hakuhitaji wakili.